Jumapili za Profesa Cole

Andikeni 2 mara tatu, mzizidishe zote pamoja: mnapata 8. Toeni 1, inabaki 7, ambayo ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Zikiwa 2 tano mnapata 31, tasa tena. Zikiwa saba ni 127, nayo ni tasa. Mtu atadhani keshapata kanuni, mpaka afike 2 kumi na moja. Hapo anapata 2,047, nayo ni 23 mara 89.

Mtawa wa Paris aliyeitwa Marin Mersenne alizipenda mno namba hizi. Mwaka 1644 alichapisha orodha ya zile alizoamini ni tasa, akaitia humo ile inayotokana na 2 sitini na saba. Itazameni: 147,573,952,589,676,412,927. Tarakimu 21!

Mwaka 1876 Mfaransa mwenzake, Édouard Lucas, aliipima kwa njia aliyoibuni mwenyewe, akaona kuwa si tasa. Hapa ndipo panaponisisimua kuliko pote. Kipimo kilisema namba inagawanyika, lakini hakikusema kwa ngapi. Lucas alijua kwa yakini kwamba vigawo vipo, na hakuwa na hata kimoja mkononi.

Ikafika Oktoba 1903. Wanahisabati wa Marekani walikutana New York, na zamu ya Frank Nelson Cole ikawadia. Husimuliwa kwamba hakutamka neno. Alikwenda ubaoni, akazizidisha zile 2 mpaka ya sitini na saba, akatoa 1. Kisha akahamia upande wa pili wa ubao, akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akaanza kuzidisha kwa mkono, mstari baada ya mstari, watu wote kimya. Majibu yalipolingana, akaweka chaki chini na kurudi kitini. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Baadaye aliulizwa kazi ile ilimchukua muda gani, naye, wasimulizi wanasema, akajibu: Jumapili za miaka mitatu.

Kuzidisha kulitosha ubao mmoja. Kulirudia jibu kinyumenyume mpaka kuvipata vile viwili ndiko kulikokula Jumapili zote hizo, na hata hivyo Cole hakupapasa gizani. Rudini kwenye 23 na 89. Toeni 1 katika kila moja, mnapata 22 na 88, na zote zinagawanyika kwa 22, yaani 11 mara mbili. Wala si bahati. Idadi ya zile 2 ikiwa namba tasa kubwa kuliko 2, kila kigawo tasa cha namba inayopatikana kina tabia hiyohiyo. Kwa 67, mara mbili yake ni 134, kwa hiyo katika kila namba 134 zinazofuatana, ni moja tu inayostahili kujaribiwa.

Sasa wekeni kikokotoo kando. Gawanyeni 193,707,721 kwa 134, mniambie baki ni ngapi. Mkimaliza, chukueni na kile kigawo kirefu.