Je, Wajua? Kitufe Kisichokuwepo Kwenye Kibodi

Je, wajua kwamba kampuni ya Compaq ya Marekani ilifikiria kubadili maneno ya kwenye skrini kwa sababu ya kitufe ambacho hakikuwepo? Kompyuta za enzi hizo zilikuwa zikitoa amri ya "Press Any Key", yaani bonyeza kitufe chochote kile. Watu wakaikagua kibodi kutoka juu hadi chini, kisha wakapiga simu kuuliza: hicho kitufe cha "Any" kiko wapi? Mwaka 1994 gazeti la The Wall Street Journal liliripoti kwamba simu hizo zilizidi hadi Compaq ikawa inafikiria kutaja kitufe kimoja tu, cha Return, yaishe. Mwaka uliofuata Homer Simpson, yule baba wa katuni za The Simpsons, naye alikitafuta kitufe hicho akakikosa. Kiu ikambana, akabonyeza Tab akiamini anaagiza soda, maana Marekani kulikuwa na soda ya jina hilo.

Na je, wajua kwamba habari hiyo ya 1994 ilikuwa imesheheni vituko vya aina hiyo? Mteja mmoja aliombwa atume nakala ya diski zake zilizoharibika. Baada ya siku chache bahasha ikafika na karatasi ndani: alikuwa amezitoa diski fotokopi. Mwingine alitaka kutuma faksi kwa kompyuta, akainua karatasi yake mbele ya skrini na kubonyeza kitufe cha kutuma, tena na tena. Wa tatu kibodi yake iligoma baada ya kuisafisha. Alikuwa ameiloweka siku nzima kwenye maji ya sabuni, kisha akang'oa vitufe na kuviosha kimoja kimoja. Kwa usafi, apewe cheti.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha mlango. Fundi alimwambia mteja kwa simu aiingize tena diski, kisha afunge mlango. Mteja akasema subiri kidogo, akaweka simu chini, na fundi akasikia mlango wa chumba ukifungwa. Tunacheka, ila nani aliyetaja mlango? Mafundi walikuwa wakikiita "mlango" kile kibanio cha kufungia diski ndani ya mashine, na mteja wa watu alitii alichoambiwa, neno kwa neno.

Je, wajua kuhusu mama aliyelalamika kwamba pedali ya kompyuta yake haifanyi kazi? Alikuwa ameweka kipanya sakafuni na kukikanyaga kwa mguu. Aliyekulia karibu na cherehani hatashangaa sana. Wala hata mabingwa wasingemcheka: miaka ya 1960, Douglas Engelbart na wenzake wa Stanford Research Institute huko California, waliotengeneza kipanya cha kwanza kwa kipande cha mti, walikijaribu sambamba na vifaa vingine, kimojawapo kikiwa cha kusukumwa kwa goti. Mkono ulishinda. Ingeshinda miguu, leo tungekuwa tunavua viatu kabla ya kufungua barua pepe.

Hata katika filamu ya Star Trek IV ya mwaka 1986, mhandisi aliyetoka karne za mbele anakabidhiwa kipanya, anakisogeza mdomoni na kuanza kukisalimia. Ukumbi mzima ulicheka. Siku hizi tunaongea na simu zetu barabarani na hakuna anayegeuka.

Je, wajua kwamba kitufe cha "OK" kimeenea kwenye skrini kwa sababu mtu alidhani ametukanwa? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Apple ilikuwa inaandaa kompyuta yake ya Lisa, na kitufe cha kukubali kiliandikwa "Do It", fanya. Walipoleta watu wa kawaida waijaribu, mmoja wao alionekana kukereka kila kitufe hicho kilipotokea. Kumbe alikisoma "Dolt", neno la Kiingereza lenye maana ya mjinga, akashangaa kwa nini mashine imwite hivyo ilhali ndiyo kwanza wamekutana. Herufi zilikuwa zimebanana mno. Maneno yakabadilishwa.

Apple hao hao, kwenye Macintosh, waliamua kwamba ukitaka kutoa diski unaiburuta hadi kwenye pipa la takataka. Pipa lile lile la kufutia mafaili! Wengi waliogopa wakidhani kazi yao yote inakwenda jalalani. Mwoga, kwa maoni yangu, alikuwa na haki zote hapo.

Je, wajua kwamba kitufe cha Start kilichokuja na Windows 95 kilitokana na watu kukwama? Katika majaribio, wageni wa kompyuta walikaa mbele ya skrini wasijue pa kuanzia, ndipo Microsoft wakaandika "Anza" kwenye pembe ya chini. Halafu wakakitia humo humo kitufe cha kuzima. Ukitaka kumaliza, bonyeza Anza.

Mchezo wa karata wa Solitaire uliingizwa kwenye Windows mwaka 1990, na wengi waliujua kama njia ya kukwepa kazi ofisini. Pamoja na burudani, uliwasaidia watu kuzoea kubofya kitu, kukiburuta na kukiachia mahali pengine. Bosi aliyekukuta unacheza angeweza kuambiwa uko mafunzoni.

Je, wajua kwamba maswali ya ajabu kuhusu mashine ni ya zamani kuliko umeme wa majumbani? Mwingereza Charles Babbage, aliyebuni mashine za kukokotoa katika karne ya 19, aliandika kwamba aliulizwa mara mbili na wabunge: ukiingiza tarakimu zisizo sahihi kwenye mashine, je, jibu sahihi litatoka? Babbage alikiri kwamba hakuelewa ni mkanganyiko gani wa mawazo unaoweza kuzaa swali kama hilo.

Na je, wajua kwamba mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alitoa ELIZA, programu iliyoyageuza maneno ya mtu kuwa maswali na kumrudishia? Katibu wake alikuwa amemwona akiihangaikia kwa miezi, akijua fika ni programu tu. Alipokaa kuijaribu, baada ya sentensi chache alimwomba Weizenbaum atoke chumbani. Alitaka faragha.

Je, wajua kwamba Februari 2010 watu wengi walikasirika kwamba Facebook imebadilika ghafla, kumbe hata hawajaifikia? Badala ya kuandika anwani, walikuwa na mazoea ya kuandika "facebook login" kwenye Google na kubofya jibu la kwanza. Siku moja jibu la kwanza likawa makala ya tovuti ya ReadWriteWeb. Wakaingia huko, wakaona rangi nyekundu, wakaacha malalamiko chungu nzima wakidai Facebook yao irudishwe.

Februari 2021 wakili mmoja wa Texas alihudhuria kesi kwa Zoom kwa kutumia kompyuta ya katibu wake, na badala ya uso wake jaji akaona paka mdogo mweupe mwenye macho ya wasiwasi. Wakili alimhakikishia jaji kwamba yeye si paka na yuko tayari kuendelea.

Je, wajua kwamba mtu anaweza kuizima intaneti ya nchi bila kugusa kompyuta? Machi 2011 huko Georgia, ile ya Caucasus, bibi wa miaka 75 alikamatwa, mamlaka zikisema alikuwa akichimba kutafuta shaba ya kuuza ndipo sepetu lake likakata mkongo wa mawasiliano. Sehemu kubwa ya nchi jirani ya Armenia ikakaa bila intaneti kwa saa kadhaa. Bibi aliwaambia waandishi wa habari kwamba hajui hiyo intaneti ni kitu gani.

Yeye hakuwa na mshahara wa kuijua. Seneta Ted Stevens wa Alaska alikuwa nao, na Juni 2006, katika mjadala wa sheria za mtandao, alieleza kwamba wasaidizi wake walimtumia "intaneti" Ijumaa ikamfikia Jumanne. Je, wajua kuhusu Yoshitaka Sakurada? Novemba 2018 huyu ndiye alikuwa waziri wa Japani aliyekabidhiwa usalama wa mitandao, na aliliambia bunge kwamba hajawahi kutumia kompyuta, maana tangu ana miaka 25 yeye huwaagiza wengine. Alipoulizwa kuhusu flashi, alibabaika. Aprili 2019 alijiuzulu, lakini kompyuta haikuhusika: alikuwa ametoa kauli iliyowaudhi waathirika wa tetemeko la 2011. Kilichomponza ni mdomo.