Oili Chafu Haijawahi Kuwa Lami

Swali huwa ni lile lile, linabadilisha shati tu. Juzi ameliuliza mkuu wa umudugudu, yaani kijiji, mmoja baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kabla yake aliliuliza mwenye nyumba ya wageni kando ya Ziwa Kivu, na kabla ya huyo, mwalimu mkuu ambaye wanafunzi wake huingia darasani na vumbi hadi magotini. "Enjinia, tukipata mapipa mawili ya oili chafu pale gereji, si tunaimwaga kwenye hii njia ya miguu inakuwa lami?"

Hapana. Haiwi lami, na hata mkimwaga mapipa ishirini haitakuwa. Nimeshalijibu hilo kwa mdomo hapa wilayani Rusizi, Rwanda, kuanzia Kamembe hadi Bugarama. Kwa kuwa mdomo hautoshi, leo naliandika.

Najua imani hii inatoka wapi. Kiangazi chetu kirefu, Juni hadi Agosti, ndicho msimu wa vumbi, kwa hiyo ndicho msimu wa majaribio. Udongo mwekundu unakunywa mafuta, unakuwa mweusi, vumbi linalala. Ukikanyagwa wiki mbili tatu, uso wa njia unakazana kidogo, unang'aa. Jirani anapita, anaona, anapiga picha kwa simu. Septemba mvua inaanza, na ikifika Oktoba hakuna tena anayepiga picha. Ushahidi wote wa oili chafu ninaoletewa ni wa Julai.

Tuanze na kitu chenyewe. Lami na oili ya injini zote zinatoka kwenye mafuta ghafi, na undugu wao unaishia hapo. Mafuta ghafi yakichemshwa kiwandani, vile vyepesi hupanda: petroli, mafuta ya taa, dizeli. Chini kabisa hubaki kile kizito cheusi kisichopanda, nacho ndicho lami. Oili ya kulainisha injini hutolewa sehemu iliyo juu kidogo ya hapo, kisha husafishwa makusudi ili masalia ya lami yasibaki ndani yake, maana yangeganda kwenye vyuma. Kwa maneno mengine, pipa lako la gereji ni mafuta yaliyokwisha kuondolewa kile hasa unachokitafuta. Weusi wake ni masizi ya injini na unga wa chuma kilichosagika, na humo humo mna kemikali zilizotiwa na kiwanda ili masizi hayo yasishikamane. Umetumwa gundi, umerudi na dawa ya kuzuia kugandana.

Tena oili haikauki. Hapa kuna wajanja hunibana: "Mbona ninyi wenyewe mnachanganya lami na mafuta ya taa?" Kweli, tunachanganya. Ile lami nyepesi tunayomwagia tabaka la kokoto kabla ya kuweka lami ya moto huwa ina mafuta ya taa, ipate kupenya na kulishika vumbi. Lakini mafuta ya taa huruka. Siku chache za jua yamekwenda hewani, lami imebaki peke yake. Oili ya injini imetengenezwa ikae ndani ya chuma cha moto miezi kadhaa bila kuruka. Wewe unategemea ikaukie njiani, kwenye baridi ya asubuhi ya Kamembe? Wiki ijayo ipo, mwaka ujao ipo, imelowana na udongo basi.

Na udongo wenyewe si wa kuchezea. Sehemu kubwa ya vilima vyetu, kama vile vya Bukavu ng'ambo ya mto Rusizi, ni mawe ya volkano ya kale yaliyooza yakawa mfinyanzi mwekundu wa kina kirefu. Mfinyanzi huu unapenda maji kuliko unavyopenda mafuta. Oili haizami mbali. Inafanya ganda jembamba juu, na chini ya ganda kuna udongo ule ule ambao hakuna aliyeushindilia. Mvua kubwa ya kwanza inapiga pande mbili. Uso wa njia haunywi tena maji, kwa hiyo yote yanateremka, na njia za Rusizi hazijui tambarare: kutoka soko la Kamembe hadi ziwani ni mteremko mtupu. Yakipata mwanya wa kuingia chini ya ganda, yanachimba, na ganda linanyanyuka vipande vipande. Sasa mweke hapo mama mwenye beseni la samaki wa sambaza kichwani, akanyage kipande chenye mafuta chini na maji juu. Waliotaka kumwondolea vumbi wamemvunja kiuno.

Vipande hivyo navyo vina safari. Mitaro ya mji huu huishia ama ziwani ama mtoni. Maji ya Kivu hutoka kwa mto Rusizi, yanapita kwenye mabwawa ya umeme, yanashuka kando ya uwanda wa Bugarama, yanaendelea hadi Ziwa Tanganyika. Mamlaka ya mazingira ya Marekani hupenda kusema kwamba galoni moja ya oili iliyotumika yaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi. Mapipa mawili ya lita 200 ni zaidi ya galoni mia moja. Hesabu iliyobaki fanya mwenyewe, ukiwa umekaa pale forodhani unakula samaki.

Anayedhani namtisha bure asome habari za Times Beach, mji mdogo wa jimbo la Missouri. Miaka ya 1970 mji huo ulikuwa na mitaa ya vumbi na haukuwa na pesa ya lami, hali ambayo hapa hatuhitaji kuelezwa. Ukampa kazi mfanyabiashara wa mafuta machafu, awe anamwagia mitaa. Vumbi likalala. Baadaye ikagundulika kwamba mafuta yake yalikuwa yamechanganywa na taka za kiwanda cha kemikali zenye dayoksini, moja ya sumu kali zinazojulikana. Desemba 1982 mto ukafurika, wakazi wakakimbia, kisha wakaambiwa wasirudi. Mwaka 1983 serikali ikatangaza kuununua mji mzima, wenye watu wapatao 2,000. Mji huo haupo tena. Pamefanywa hifadhi ya jimbo hilo.

Mtaniambia: ile ilikuwa dayoksini, sisi tunamwaga oili ya Hiace tu. Je, una hakika? Pipa la gereji hupokea kila kitu: oili ya injini na ya gia, maji ya breki, dizeli iliyooshea vyuma, maji ya redieta, na siku nyingine mafuta ya transfoma ya zamani ambayo mtu ameyapata asikotaka kusema. Mwenye gereji mwenyewe hajui kilichomo. Na hata ikiwa ni oili ya Hiace peke yake, ina zinki ya kiwandani, ina madini mengine ya injini iliyochakaa, ina masalia ya moto yanayoweza kuleta saratani. Watoto wanaipita hiyo njia bila viatu.

Halafu kuna kundi la pili, na hawa ndio hunichosha kabisa. Wana njia ya lami tayari. Imepauka, imekuwa ya kijivu, wanataka "kuirudishia weusi" kwa oili chafu. Ndugu zangu, fundi wa lami akimaliza kazi hunawa mikono kwa dizeli, kwa sababu lami huyeyuka ndani ya mafuta. Mnachomwaga juu ya njia yenu ni cha kunawia. Kitailainisha lami, kokoto zitaachiana, na msimu wa mvua zitakuwa mtaroni. Nchini Kanada watengenezaji waliwahi kutia ndani ya lami masalia yanayobaki baada ya kusafisha oili zilizotumika, kwa vipimo vya maabara na si kwa ndoo, na bado watafiti wa Ontario waliyahusisha na barabara zilizopasuka kabla ya umri wake. Ndoo yako itafanyaje vizuri zaidi?

Kuna na zile video za Ghuba. Jamaa walioko Dubai na Muscat hutuma picha za njia za miguu zilizonyooka katikati ya jangwa, na swali linafuata: kwa nini tusiagize lami ngumu kama ya kwao, au kwa nini wao zamani walimwaga mafuta kwenye mchanga yakashika? Kampuni za mafuta za huko kweli ziliwahi kumwagia njia zao mafuta ghafi mazito. Ghafi, ambayo lami bado imo ndani yake, na mahali ambapo mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 100. Kamembe inapata zaidi ya mara kumi ya hiyo. Ama lami ngumu, ile ni ya malori, isibonyee barabara inapofika nyuzi 70 mchana. Mtu mwenye miguu miwili habonyezi lami hata akiwa mnene. Njia ya miguu hufa kwa namna nyingine: haina matairi ya kuikanda, kwa hiyo lami inazeeshwa na jua na hewa, inakakamaa, inapasuka, nyasi zinaingia. Ndiyo maana njia ya miguu, iwe jangwani au hapa, hutaka kokoto ndogo, lami iliyozidi kidogo, na lami laini kuliko ya barabara kuu. Mnaagiza kinyume.

Basi mfanye nini? Nitakwenda mbio, kwa sababu sehemu hii si ngumu, ila inachosha mgongo.

Maji kwanza. Mtaro upande wa mlima kabla ya jambo lolote, na kalavati kila maji yanapotaka kukatiza. Njia iinamishwe upande mmoja kwa asilimia 2, yaani sentimita 3 kwa upana wa mita moja na nusu. Fukua udongo wa juu wenye mizizi mpaka ufikie ulio imara, shindilia. Weka moramu nzuri au kokoto, sentimita 10 hadi 15, shindilia tena kwa mashine ikiwa na unyevunyevu, isiwe kavu wala tope. Kingo za mawe pande zote mbili, kwa maana lami huanza kufia pembeni. Palipo na mteremko unaozidi mita moja kwa kila mita nane, sahau lami, jenga ngazi za mawe na vituo vya kupumzikia, na pembeni acha ulalo mwembamba wa kusukumia baiskeli.

Lami yenyewe iwe na unene wa sentimita 3 hadi 4 ikishashindiliwa, na iwekwe kiangazi. Ishindiliwe ingali moto. Ikishuka chini ya nyuzi 80 rola linapita bure, na tabaka jembamba namna hiyo hupoa ndani ya dakika chache, kwa hiyo lori likifika limepoa lirudishe, hata dereva akilalamika. Kila Juni ziba nyufa kabla hazijawa mashimo.

Gharama? Njia ya mita 100 yenye upana wa mita moja na nusu hula takriban tani 12 za mchanganyiko, na ndani yake lami tupu ni karibu kilo 800. Mwenye uwezo wa mapipa mawili ya oili hana uwezo huo, na si aibu. Achague mawe ya kupanga, ambayo vijana wa umuganda wanaweza kuyalaza wakiwa na fundi mmoja mzuri, na yakibonyea yanang'olewa na kupangwa upya. Au zege la sentimita 10, likatwe kila baada ya mita mbili au tatu. Saruji inatengenezwa hapa hapa Bugarama, kwa Cimerwa. Kwangu mimi, kwa vilima hivi, mawe hushinda lami mara nyingi kuliko wanasiasa wanavyopenda kusikia. Na kama shida ni vumbi tu, moramu iliyoshindiliwa sawasawa, nyasi pembeni na maji kidogo asubuhi vinatosha kwa shule.

Kwa waliokwisha kumwaga: msiweke lami mpya wala mawe juu ya udongo huo. Oili iliyobaki chini itailainisha lami kutoka tumboni. Ukwanguliwe mpaka rangi ya asili ionekane, urundikwe juu ya turubai na kufunikwa, usitupwe kwenye migomba wala mtaroni, kisha aitwe afisa mazingira wa wilaya aseme pa kuupeleka. Oili iliyobaki kwenye pipa irudi gereji, ichukuliwe na mwenye kibali cha kuikusanya. Kazi hiyo ifanywe sasa, ardhi ikiwa kavu, kwa sababu udongo wenye oili ukishalowa mvua haubebeki kwa koleo.