Mtaa wa Kwenda kwa Miguu

Fungueni madaftari. Leo twazungumza habari za mtaa: upangwe namna gani, hata mtu apate mahitaji yake ya kila siku bila kulipa nauli?

Mwaka 1929, mjini New York, Marekani, Bwana Clarence Perry alitoa ramani ya mtaa. Siku zile motakaa zilikuwa zimezidi sana, na watoto waligongwa barabarani. Perry alianza na shule. Akaiweka katikati, kisha akauliza: mtoto aweza kutembea umbali gani? Akasema usizidi nusu maili, yaani mita 800 hivi. Wakazi wawe wa kutosha kujaza shule moja ya msingi. Maduka yawe pembezoni, penye njia panda, ili na majirani wa mtaa wa pili wanunue. Sehemu moja katika kumi ya ardhi iwe bustani na viwanja vya michezo. Barabara kubwa zizunguke mtaa, zisiupasue.

Neno hili la mwisho lataka kufikiriwa. Shule yaweza kuwa mita 300 tu kutoka mlangoni pako, nawe waiona kwa macho. Lakini ikiwa kati yenu pana barabara ya malori, shule hiyo si ya karibu. Mto usio na daraja ni vivyo hivyo.

Mwaka 2016 Profesa Carlos Moreno, wa Paris, Ufaransa, alipima kwa saa badala ya maili: kazi, duka, shule na tiba, vyote vifikiwe kwa robo saa, kwa miguu au kwa baiskeli. Mwaka 2020 mji wa Paris ukaushika mpango huo. Haya, tupige hesabu. Mtu mzima huenda kilomita 5 kwa saa. Gawanya kwa 4: kilomita moja na robo. Lakini huyo ni mwenye afya, asiye na mzigo. Mama aliyebeba mtoto mwenye homa haendi hivyo, wala mzee wa mkongojo. Na hao ndio waendao zahanati. Basi zahanati ipimwe kwa mwendo wao.

Jambo gumu ni kiwanja. Nyumba zikisha kujengwa, shule haipati mahali ila kwa kubomoa na kulipa fidia. Ndiyo maana Dar es Salaam, katika miaka ya 1970, serikali ilipima viwanja vya Sinza na Kijitonyama na kutenga nafasi za shule na masoko. Katika mkutano wa mtaa wenu, ulizeni: kile kiwanja kitupu kimeandikwa nini katika ramani? Kikiwa cha shule, ulizeni tena ni nani achimbaye msingi pale.

Kazi ya juma hili: tembea kutoka nyumbani hadi sokoni, shuleni na zahanati. Andika dakika za kila safari, na mara ngapi umevuka barabara kuu.