Nani Atakayetangulia?

Katika Injili ya Yohana, sura ya 5, twasoma habari za birika la Bethzatha kule Yerusalemu. Wagonjwa walilala kandokando yake wakingoja maji yatibuliwe. Mmoja wao alikuwa ameugua miaka 38. Bwana alipomwuliza kama ataka kupona, yeye alilalamika kwamba hana mtu wa kumtia majini, na kila akijikokota, mwenzake humtangulia.

Leo kuna birika jingine ambalo wagonjwa hungoja vivyo hivyo. Twasema habari za kupandikizwa ini.

Ini hufanya kazi nyingi kimya kimya. Hutengeneza nyongo, huweka akiba ya chakula, huondoa sumu katika damu, na hufanya damu igande mtu anapojikata. Laweza kuumia miaka mingi bila kulia. Likishindwa kabisa, macho huwa manjano, tumbo hujaa maji, na akili huvurugika. Figo zikifa, iko mashine ya kusafisha damu. Ini likifa, hakuna mashine iwezayo kushika mahali pake kwa miaka. Dawa iliyobaki ni kupata ini la mtu mwingine.

Daktari Thomas Starzl alijaribu kazi hiyo mjini Denver, Marekani, mwaka 1963. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka 3, naye alivuja damu akafa mezani pa upasuaji. Mwaka 1967 Starzl alimpandikiza mtoto mwingine, naye akaishi zaidi ya mwaka. Katika miaka ya 1980 ilienea dawa ya siklosporini, inayouzuia mwili usilikatae ini lililo geni kwake, na tangu hapo wengi wameishi miaka mingi.

Lakini kadiri kazi ilivyofaulu, foleni ilirefuka. Maini mengi hutoka kwa watu waliofariki. Mtu aliye hai naye aweza kutoa kipande, kwa maana ini hukua tena. Hata hivyo hayatoshi. Basi nani atangulie?

Zamani kule Marekani siku za kungoja zilihesabiwa sana. Jambo hili laonekana kuwa la haki, kama foleni ya dukani. Kumbe aliyepata daktari mapema aliandikwa mapema, na aliye karibu kufa aliweza kuachwa nyuma kwa sababu amefika jana. Mwaka 2002 walianza kutumia hesabu itokanayo na damu yenyewe: umanjano ulio ndani yake, jinsi inavyoganda, na jinsi figo zinavyofanya kazi. Kila mgonjwa hupata namba kati ya 6 na 40. Aliye karibu zaidi na kifo ndiye hutangulia. Namba hiyo haiulizi cheo wala kabila.

Hata kipimo hicho kilikuwa na kasoro. Kipimo cha figo hutegemea pia wingi wa nyama ya mwili. Kwa kuwa wanawake wengi wana nyama kidogo kuliko wanaume, walionekana wazima kuliko walivyokuwa, wakangoja zaidi. Hesabu hiyo ilirekebishwa mwaka 2023. Twajifunza kwamba mizani yetu, hata tuliyoitengeneza kwa moyo safi, yafaa ikaguliwe tena na tena.

Liko na swali la pili: je, ini hili litamfaa? Mwenye saratani ya ini, kwa mfano, hupimwa kwa kanuni iliyotoka Milan, Italia, mwaka 1996: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au vimbe zisizozidi 3, kila moja isizidi sentimita 3. Ugonjwa ukipita hapo, mara nyingi hurudi.

Sasa twafika penye ugumu. Je, aliyeharibu ini lake kwa pombe? Hospitali nyingi zilidai akae miezi 6 bila kunywa kwanza. Lakini wengine waliozidiwa hawafiki huko; kaburi huwatangulia. Mwaka 2011 madaktari wa Ufaransa na Ubelgiji walitoa habari za wagonjwa 26 wa namna hiyo waliopandikizwa bila kungoja. Baada ya miezi 6, katika kila 100 walikuwa hai 77. Kwa wagonjwa waliofanana nao wasiopandikizwa, 23 tu. Watatu kati ya wale 26 walirudia pombe baadaye.

Walichaguliwaje? Kwa masharti makali, na moja lilikuwa hili: awe na jamaa wa karibu watakaosimama naye. Maana yake, mgonjwa aliulizwa swali la Bethzatha: je, unaye mtu?

Swali hilo latuchoma. Tulimzika ndugu mmoja katika mtaa wetu, aliyekufa kwa ini lililoharibiwa na pombe. Matangani watu walinong'ona kwamba amejitakia. Nasi tulisoma ibada upesi upesi tukaenda zetu. Hatukuwa tumemtembelea kwa mwaka mzima. Mkewe alikuwa amerudi kwao, na wazee wa kanisa walipita njia nyingine. Kama daktari angemwuliza ni nani atakayesimama naye, angejibu nini?

Wapendwa, wengi wetu hatutachagua kamwe nani apewe ini. Lakini kila siku twachagua nani awe na mtu. Yuko mmoja karibu nawe ambaye macho yake yameanza kuwa manjano, na watu wamekwisha kumhukumu. Usimwulize kwanza ameyapataje. Mpeleke kliniki, keti naye kwenye benchi, na siku asipokunywa, uwe karibu naye jioni, maana jioni ndiyo ngumu.

Bwana atujalie tusiache mtu peke yake kando ya maji. Amina.