Je, Wajua? Sindano ya Ncha Mbili, Panya wa Morogoro na Mbinu Nyingine za Kuzuia Maambukizi

Je, wajua kuwa gereza la Kisiwa cha Changuu, mkabala na Mji Mkongwe wa Unguja, halikuwahi kufungiwa mfungwa? Kila siku watalii huvuka kwa mashua kwenda kuwatazama kobe wakubwa waliotokana na wale wa Shelisheli, na wengi hurudi wakisimulia habari za wafungwa. Ukweli ni kwamba majengo yalijengwa miaka ya 1890, wafungwa hawakuletwa, na kisiwa kikageuzwa kituo cha karantini. Abiria wa meli walioshukiwa kubeba maradhi waliteremshwa hapo na kukaa mpaka ithibitike kuwa ni wazima, ndipo waruhusiwe kuingia mjini. Mbinu yenyewe ni kongwe. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik nchini Kroatia, uliwataka wageni waliotoka penye tauni wakae nje ya mji siku 30. Hakuna aliyejua wakati ule tauni inaletwa na nini. Walichokijua ni kuwa inatembea na watu.

Kwamba maradhi hutembea na watu, Zanzibar ilipata kulishuhudia kwa uchungu. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1869, daktari Mskoti aliyemtibu Sultani, James Christie, hakuridhika na kuhesabu maiti. Aliwahoji wafanyabiashara na watu wa misafara wa bara, akauliza ugonjwa ulionekana wapi kwanza na wapi baadaye. Majibu yao yalimwonyesha njia: ulishuka kutoka kaskazini, ukapita nchi ya Wamaasai, ukafika Pangani, kisha ukavuka bahari hadi Unguja. Kitabu chake kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki kilitoka mwaka 1876, miaka kadhaa kabla Robert Koch hajamtambulisha duniani kijidudu kinachosababisha ugonjwa huo. Sifa nyingine naona ni ya watu wa misafara, ambao majina yao hayakuandikwa. Bila kumbukumbu zao daktari asingekuwa na ramani.

Tiba iliyookoa watu wengi zaidi wa kipindupindu ni maji, sukari na chumvi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, wakimbizi walifurika India na kipindupindu kikazuka kambini Bangaon. Chupa za maji ya kutundika mishipani zilikuwa zikiisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuchanganya maji ya kunywa yenye glukosi na chumvi, akawaachia ndugu wa wagonjwa kazi ya kuwanywesha. Vifo vilivyokuwa vikikaribia 30 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Paketi za ORS unazopewa zahanati zimetokana na ujuzi huo. Paketi ikikosekana, kipimo cha nyumbani ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, si vya kujaza mlima.

Na kibuyu chirizi je? Ukipita shule nyingi za vijijini utakiona karibu na choo: dumu dogo la plastiki limening'inizwa kwenye kijiti kilicholala juu ya panda mbili, limetobolewa tundu karibu na mdomo, kamba imefungwa shingoni ikashuka hadi kwenye kipande cha mti kilicho chini. Mtoto anakanyaga mti, dumu linainama, maji yanachirizika. Sabuni imetobolewa katikati na kutundikwa pembeni. Wazo hili lilienea kutoka Zimbabwe tangu miaka ya 1980, na huko mwanzo kilitumika kibuyu cha kweli. Uzuri wake uko kwenye ule mti wa kukanyaga. Bomba la kawaida hufunguliwa kwa mkono mchafu na kufungwa kwa mkono uleule ukiwa umekwisha kuoshwa. Hapa mkono haugusi kitu isipokuwa maji na sabuni, na maji kidogo tu yanatosha.

Barakoa nayo ina kisa. Majira ya baridi ya mwaka 1910 kuingia 1911, tauni ya mapafu iliangamiza watu wapatao 60,000 huko Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China. Daktari kijana mzaliwa wa Penang, Wu Lien-teh, alipelekwa mjini Harbin. Alipopasua maiti alitambua kuwa ugonjwa ule ulipita hewani, mtu kwa mtu, wala haukuhitaji viroboto wa panya. Akaagiza kila mhudumu avae barakoa ya matabaka ya shashi na pamba, ifungwe kisogoni. Daktari Mfaransa mwenye uzoefu mkubwa kuliko yeye, Gérald Mesny, alimdharau. Akaingia wodini uso wazi, na baada ya siku chache akafa kwa tauni ileile. Tangu hapo hakuna aliyebishana na Wu.

Sasa tuje kwenye ndui, ugonjwa wa binadamu ambao peke yake ndio uliofutwa kabisa duniani. Wengi hudhani ulifutwa kwa kuchanja kila mtu. Sivyo. Mwishoni mwa mwaka 1966, Mmarekani William Foege alikuwa mashariki mwa Nigeria na chanjo aliyokuwa nayo haikutosha. Akatumia redio za upepo za wamisionari, akawaomba waulizie kila kijiji: nani ana ndui? Palipopatikana mgonjwa, alichanjwa kila aliyekaribiana naye, kisha na wale waliokaribiana na hao, mpaka ugonjwa ukakosa mtu wa kumrukia. Mlipuko ulizimwa wakati watu wengi wa eneo lile hawajachanjwa. Mbinu hiyo ya kumzungushia mgonjwa duara ndiyo iliyobebwa nchi kwa nchi.

Kifaa chake kilikuwa sindano ya chuma yenye ncha mbili, kama uma mdogo wenye meno mawili tu. Ilichovywa kwenye chanjo, tone moja likanasa katikati ya ncha, kisha mchanjaji akachoma ngozi ya mkono mara 15 haraka haraka, juujuu, kiasi cha kutoa kijidoa cha damu. Robo ya chanjo iliyokuwa ikitumika zamani ilitosha. Sindano ilichemshwa na kutumika tena, na mtu asiyepata kusomea uuguzi alifundishika kwa muda mfupi sana. Chanjo yenyewe ilikuwa unga mkavu uliostahimili joto, hivyo ilifika kwa miguu na kwa ngamia mahali ambapo barafu isingefika.

Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa ndui katika maisha ya kawaida alikuwa Msomali, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, umri miaka 23. Mwezi Oktoba mwaka 1977 gari lililobeba watoto wawili wagonjwa lilisimama hospitalini kuuliza njia. Maalin akapanda awaelekeze. Safari ilikuwa ya dakika chache tu, na dakika hizo zilitosha. Homa ilipompanda alidhaniwa ana malaria. Vipele vilipotoka, tetekuwanga. Ukweli ulipojulikana, watu aliokaribiana nao wakasakwa mmoja mmoja na zaidi ya watu 50,000 mjini humo na vitongoji vyake wakachanjwa katika wiki mbili. Hakuambukiza hata mtu mmoja. Tarehe 8 Mei 1980 dunia ikatangaziwa kuwa ndui imekwisha.

Maalin alikuja kusema kuwa aliikwepa chanjo kwa sababu aliona kama inauma. Miaka mingi baadaye alijitolea kwenye kampeni ya polio nchini kwao, akawasimulia wazazi wenye wasiwasi yaliyompata. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa kwenye kazi hiyohiyo. Sijui mhamasishaji gani wa afya anayestahili kukumbukwa kuliko yeye.

Kwa ufupi, je, wajua kuwa Unguja ilimfuta mbung'o kwa kumletea mbung'o? Mainzi dume walizalishwa Tanga kwa mamilioni, wakapigwa mionzi iliyowaondolea uwezo wa kuzaa, kisha wakaachiwa kutoka ndegeni juu ya kisiwa. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, basi aliyempata dume wa Tanga hakuzaa tena. Kati ya 1994 na 1997 waliachiwa zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996, na ng'ombe wa kisiwa wakapona nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o.

Kisiwa hichohicho kinaifukuza malaria kwa simu. Tangu 2008 vituo vya afya Zanzibar vilianza kutuma kwa simu ya mkononi taarifa za kila wiki za wagonjwa wa malaria, na baadaye ikaongezwa programu iitwayo Coconut. Akigundulika mgonjwa kituoni, ofisa wa wilaya hupata ujumbe, hupanda pikipiki hadi nyumbani kwa mgonjwa, huwapima wote wanaoishi naye na kuweka nyumba hiyo kwenye ramani. Ni duara la Foege, redio ya upepo ikiwa imebadilishwa na simu.

Ebola ndiyo iliyotufundisha kuwa kifaa bila imani ya watu hakifiki mbali. Mlipuko wa mwaka 2018 hadi 2020 ulipiga Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, kwenye miji ya Beni na Butembo ambako Kiswahili husikika sokoni na kanisani. Safari hii chanjo ilikuwapo, lakini ilitakiwa ikae kwenye baridi kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri, katika nchi ambayo umeme ni wa kubahatisha. Ikatumika mitungi maalumu inayotunza baridi hiyo hadi siku tano bila umeme, ikapakiwa pikipiki na magari, na zaidi ya watu 300,000 wakachanjwa, wengi wao kwa mtindo uleule wa duara.

Hata hivyo watu zaidi ya 2,200 walikufa. Vita vilikuwa vimewachosha wenyeji, na wengi waliwaogopa watu waliovaa mavazi ya kujikinga mwili mzima na kumchukua ndugu yao asionekane tena. Mapema mwaka 2019 vituo vya matibabu vilichomwa moto. Hapo ndipo naona thamani ya vyumba vya plastiki inayopitisha mwanga vilivyowekwa Beni: mgonjwa amelala ndani, daktari anamhudumia kwa mikono ya glavu iliyoshikizwa ukutani, na mama yake amesimama nje akimwona na kuzungumza naye. Nao waliopona walipewa kazi ambayo hakuna mwingine angeiweza. Miili yao ilikuwa na kinga, basi wakawabeba, wakawalisha na kuwaimbia watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Hata moja ya dawa zilizothibitika kupunguza vifo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola mjini Kikwit mwaka 1995, utafiti ambao Profesa Jean-Jacques Muyembe, aliyefika Yambuku kwenye mlipuko wa kwanza mwaka 1976, alikuwa mmoja wa viongozi wake.

Kifua kikuu ndicho ningependa ukitazame kwa makini zaidi, kwa kuwa tunaishi nacho kila siku. Kuwa kinapita hewani kulithibitishwa na simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa kama sungura. Miaka ya 1950, huko Baltimore nchini Marekani, hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu ilivutwa kwa mabomba hadi kwenye chumba cha simbilisi juu ya wodi. Wakaambukizwa, ingawa hawakuwahi kuonana na mgonjwa yeyote. Chumba cha pili kilipata hewa ileile ikiwa imemulikwa kwanza kwa mwanga wa urujuanimno. Simbilisi wa humo walibaki wazima. Dirisha lililo wazi kwenye daladala au kwenye chumba cha kusubiria daktari ni kinga ya kisayansi, na halina gharama.

Na wanaosaidia kukigundua hapa kwetu ni panya. Shirika la APOPO, lililo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, huwafunza panya buku kunusa makohozi. Sampuli hutoka vituo vya afya zikiwa zimeshapimwa kwa hadubini, huchemshwa kwanza ili vijidudu vife, kisha hupangwa chini ya matundu ya kizimba kirefu cha kioo. Panya hupita tundu kwa tundu. Pasipo na kitu hupita upesi. Penye harufu ya kifua kikuu hutua pua kwa sekunde kama tatu, akikwaruza kwa kucha. Akipatia hupewa uji wa ndizi kwa bomba la sindano. Panya mmoja humaliza sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, kazi ambayo ingemchukua mtaalamu wa maabara siku kadhaa. Wanaotajwa na panya hupimwa tena maabara kabla ya kuitwa wagonjwa, na maelfu ya watu ambao hadubini ya kituoni iliwapita wamepatikana hivyo.

Panya hao hawawezi kunusa makohozi ambayo hayakupelekwa. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, ukapungua uzito, ukatoka jasho usiku, usiendelee kununua dawa za kikohozi dukani. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, na umpeleke na mtu unayelala naye chumba kimoja. Tanzania vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure.