Kitu, Bloki na Kiini: Uhifadhi wa Data kwa Misingi ya Vitu katika Mfumo Endeshi wa Linux

Utangulizi

Istilahi za tarakilishi katika Kiswahili zina upungufu mmoja ambao haujazungumziwa ipasavyo. Nyingi kati ya zile tulizo nazo humhudumia anayekitumia chombo. Chache mno humhudumia anayetaka kujua jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi. Tunabofya, tunapakua, tunahifadhi faili na kuzifuta. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu ya Jambo OpenOffice mwaka wa 2004, ulidhihirisha kwamba menyu na maagizo ya tarakilishi yanaweza kusomeka kwa Kiswahili bila taabu. Hata hivyo, chini ya menyu hizo kuna ulimwengu mzima ambao bado hatujauzungumzia kwa lugha yetu.

Makala haya yanadhamiria kuingia katika ulimwengu huo kupitia mfano mmoja mahususi: namna kiini cha mfumo endeshi wa Linux kilivyowezeshwa kutumia vifaa vinavyohifadhi data kwa misingi ya vitu, na sababu za uwezo huo kuondolewa baada ya takribani miaka kumi. Mwishoni tutajadili funzo ambalo kisa hiki kinampa mwanaistilahi.

Kiini na mzigo wa bloki

Mfumo endeshi ni programu inayosimamia maunzi ya tarakilishi na kuyagawa kwa programu nyingine. Sehemu yake ya ndani kabisa huitwa kiini. Programu ya kuandikia barua haizungumzi na diski moja kwa moja. Huomba kiini kifungue faili fulani, nacho kiini hutafsiri ombi hilo kuwa amri ambazo diski inazielewa.

Je, diski ya kawaida huelewa nini? Huelewa bloki tu. Bloki ni fungu la data lenye ukubwa maalumu, aghalabu baiti 512 au 4,096, na kila bloki ina nambari yake. Diski huamrishwa kusoma bloki ya nambari fulani au kuandika katika bloki nyingine. Haijui kwamba bloki hii ni ya tasnifu ya mwanafunzi na ile ni ya picha ya harusi. Haijui hata ni bloki zipi zina data yenye maana na zipi ni tupu.

Maarifa hayo yote huwekwa na mfumo wa faili, ambao ni sehemu ya kiini. Mfumo wa faili hutunza orodha ya majina, kumbukumbu ya bloki za kila faili, na daftari la bloki zilizo huru. Mfano wa bohari unaweza kutufaa hapa. Chukulia bohari yenye vishubaka maelfu vilivyopigwa nambari, na mlinzi asiyejua kilichomo ndani. Mteja ndiye mwenye daftari. Akilipoteza, mali ipo lakini haijulikani ni ipi. Wateja wakiwa wengi, sharti wote wakubaliane juu ya daftari moja, la sivyo watawekeana mizigo juu kwa juu. Isitoshe, aliyeruhusiwa kuingia bohari anaweza kufungua kishubaka chochote.

Kitu ni nini?

Katikati ya miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, wakiongozwa na Garth Gibson, walianza kulichunguza tatizo hilo katika mradi ulioitwa NASD. Gibson hakuwa mgeni katika fani hii. Mwaka wa 1988 alishirikiana na David Patterson na Randy Katz kuandika makala yaliyoeneza wazo la RAID, yaani kuunganisha diski nyingi ndogo zifanye kazi kama moja. Pendekezo la NASD lilikuwa kuihamishia diski yenyewe sehemu ya kazi ya mfumo wa faili.

Katika mpango huu, diski haitoi bloki bali vitu. Kitu ni mfululizo wa baiti wenye urefu wowote unaohitajika, ulioambatanishwa na sifa zake, na unaotambulishwa kwa nambari ya biti 64 ndani ya sehemu ya diski ambayo nayo ina nambari ya biti 64. Kiini hakisemi tena, "Niandikie katika bloki fulani." Husema, "Unda kitu," "Andika baiti hizi katika kitu hiki kuanzia hapa," "Nipe sifa zake," au "Kifute." Ni diski yenyewe inayoamua kitu kikae wapi na nafasi ipi iko huru. Kwa mujibu wa mfano wetu, mlinzi amegeuka kuwa bwana ghala mwenye daftari lake mwenyewe.

Mabadiliko ya pili yanahusu usalama. Mteja hupata hati ya idhini kutoka kwa msimamizi wa usalama. Hati hiyo hutaja kitu kinachohusika na matendo yanayoruhusiwa, nayo hulindwa kwa muhuri wa kihisabati uliokokotolewa kwa ufunguo wa siri ambao msimamizi na diski pekee ndio wanaoushiriki. Diski huukagua muhuri yenyewe, pasipo kumrudia msimamizi kwa kila ombi. Hivyo basi, tarakilishi nyingi zinaweza kuziendea diski nyingi moja kwa moja kwa wakati mmoja, na kila moja ikabaki ndani ya mipaka ya idhini yake. Hii ndiyo faida iliyowavutia zaidi wajenzi wa tarakilishi kubwa za utafiti wa kisayansi.

Wazo hili liliingizwa katika SCSI, mkusanyiko wa itifaki zinazotawala mazungumzo kati ya tarakilishi na vifaa vya kuhifadhia data. Kamati ya T10, inayosimamia itifaki hizo, ilishughulikia toleo la kwanza la kiwango kilichofupishwa kama OSD, nalo likaidhinishwa mwaka wa 2004.

Kuingizwa katika kiini cha Linux

Kiwango kikishaandikwa, sharti kiini kifundishwe kukizungumza. Kwa upande wa Linux, kazi hii ilifanywa hasa na Boaz Harrosh na Benny Halevy wa kampuni ya Panasas, ambayo Gibson alikuwa miongoni mwa waasisi wake mwaka wa 1999.

Ugumu wa kwanza ulikuwa katika umbo la amri zenyewe. Amri za kawaida za SCSI ni fupi, nazo aghalabu hazizidi baiti 16. Amri ya OSD katika toleo la kwanza ina baiti 200, kwa kuwa hubeba kitambulisho cha kitu, maelezo ya sifa na hati ya idhini kwa pamoja. Ilibidi tabaka la SCSI la kiini lirekebishwe ili lipokee amri ndefu. Ugumu wa pili ni kwamba amri moja ya OSD inaweza kupeleka data na kurejesha data kwa wakati mmoja, mathalani kuandika katika kitu huku ikiomba sifa zake. Amri za kawaida huelekea upande mmoja tu, ama kusoma ama kuandika. Kwa hiyo, kiini kiliongezewa uwezo wa kushughulikia amri za pande mbili.

Toleo la 2.6.30 la kiini, lililotolewa mwezi wa Juni 2009, lilikuwa na maktaba ya OSD pamoja na mfumo wa faili ulioitwa exofs. Mfumo huo ulitokana na kazi ya awali ya Avishay Traeger wa IBM, na ulikopa mengi kutoka kwa ext2, mfumo wa faili wa siku nyingi katika Linux. Muundo wake ulikuwa mwepesi kueleweka. Kila faili ilikuwa kitu kimoja. Saraka nayo ilikuwa kitu, na ndani yake mlikuwamo orodha ya majina na nambari za faili. Maelezo kuhusu faili, kama vile mmiliki wake na tarehe ya kubadilishwa, yaliwekwa katika sifa za kitu chenyewe. Taarifa za mfumo mzima ziliwekwa katika kitu kimoja chenye nambari maalumu. Lile daftari la bloki huru, ambalo huchukua sehemu kubwa ya mfumo wa faili wa kawaida, halikuhitajika kamwe.

Kuondolewa kwake

Licha ya uzuri wa mpango huu, kulikuwa na pengo moja kubwa: diski zenyewe hazikufika madukani. Vielelezo vya majaribio vilijengwa, lakini diski za OSD hazikuwa bidhaa ya kawaida ambayo mtu angeweza kuinunua na kuichomeka katika tarakilishi yake. Bila diski, watumiaji walikuwa wachache. Bila watumiaji, msimbo wa kiini ulikosa watu wa kuujaribu na kuutunza.

Msimbo usiotumiwa si mzigo mwepesi. Kila sehemu ya kiini inapobadilishwa, sharti sehemu zote zinazoitegemea zirekebishwe pia. Mwaka wa 2017 iliondolewa programu iliyoiwezesha itifaki ya NFS kutumia vifaa vya OSD. Katika toleo la 5.1, lililotolewa mwezi wa Mei 2019, ziliondolewa exofs na maktaba yote ya OSD. Ule uwezo wa SCSI wa kushughulikia amri za pande mbili nao ukafuata katika toleo hilo hilo.

Hata hivyo, wazo lenyewe halikufa. Lilihama tu kutoka katika diski na kuingia katika seva. Amazon ilianzisha huduma ya S3 mwaka wa 2006, ambapo data huhifadhiwa kama vitu vyenye majina na sifa. Ceph, mfumo uliotokana na utafiti wa Sage Weil katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, nao hujengwa juu ya vitu, na sehemu yake ya mteja imo katika kiini cha Linux tangu mwaka wa 2010. Tofauti ni kwamba bwana ghala wa mifumo hii ni programu inayoendeshwa katika seva za kawaida, huku diski zilizo chini yake zikiendelea kuhesabu bloki.

Suala la istilahi

Istilahi ya Kiingereza tuliyoitafsiri hapa kama kitu ndiyo ile ile ambayo wanasarufi wetu huiita yambwa au shamirisho. Je, tungeweza kuazima moja ya hizo? La hasha. Yambwa hutambulikana kwa uhusiano wake na kitenzi: ni yambwa kwa sababu kuna tendo linaloielekea. Kitu katika uhifadhi wa data kina utambulisho wake hata kama hakuna anayekisoma wala kukiandika. Neno kifaa nalo lingezua utata, kwa maana diski yenyewe ndiyo kifaa.

Kitu ni neno la jumla mno, na huo ndio udhaifu wake. Lakini lina upatanisho wa kisarufi uliokwisha kukomaa, na msomaji hulielewa bila kufunzwa. Panapokuwa na hatari ya utata, twaweza kusema kitu-data. Pendekezo hili linaweza kupingwa, na itafaa lipingwe kwa hoja. Jambo la msingi ni kwamba istilahi hupimwa ndani ya maelezo kamili, si katika orodha ya maneno iliyopangwa kialfabeti.

Hitimisho

Kiwango cha OSD kiliandikwa na wataalamu, kikaidhinishwa na kamati, kikapewa nafasi katika kiini cha Linux, na bado kikaondoka kwa kukosa wa kukitumia. Maneno yetu hukabiliwa na hatima kama hiyo. Tarakilishi limeshika mizizi katika shule za Kenya kwa sababu lilifundishwa na kutahiniwa. Ngamizi halikupata bahati hiyo. Uamuzi wa kamati ni mwanzo tu. Ni juu ya wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kushirikiana na wenzao wa idara za sayansi ya tarakilishi kuandika maelezo ya namna hii, ili istilahi zipate mahali pa kufanyia kazi. Neno lisilosemwa, kama msimbo usioendeshwa, huondolewa bila kelele.