Umaarufu chini ya sanda: Watts na swali la nani akumbukwe

Katika mchoro wa msanii Mwingereza George Frederic Watts uitwao Sic Transit (Kilatini: "Hivyo ndivyo upitavyo"), maiti amelazwa kitandani, amefunikwa sanda kutoka utosini hadi miguuni. Uso hauonekani. Mtazamaji hawezi kujua kama ni mzee au kijana, mwanamume au mwanamke. Vinavyomweleza marehemu ni vitu vilivyoachwa pembeni: mkuki na ngao, joho la kifahari lenye manyoya, kitabu, ala ya nyuzi inayofanana na gambusi, kikombe, manyoya ya tausi, na taji la majani wanalovikwa washindi. Marehemu alipigana, alisoma, alipiga muziki, alishangiliwa. Sasa vyote vimelala kama mizigo bandarini isiyo na mwenyewe. Sehemu ya juu ya mchoro Watts ameandika msemo wa kale wenye fundisho kwamba mtu hubaki na kile tu alichowapa wenzake.

Mchoro huo ulikamilika mwaka 1892, Watts akiwa na umri wa miaka 75. Uingereza ya wakati huo ilijua kuomboleza. Malkia Victoria alifiwa na mumewe, Albert, mwaka 1861, na akavaa nguo nyeusi hadi alipofariki mwenyewe mwaka 1901. Wenye uwezo walishindana kujenga makaburi ya marumaru ili majina yao yasipotee.

Watts alichora mafumbo, yaani alivipa umbo la binadamu vitu visivyoonekana: Upendo, Wakati, Mauti. Chanzo cha fumbo lake linalojulikana sana kuhusu kifo ni msiba alioushuhudia kwa macho yake. Alikuwa akimchora kijana mmoja wa ukoo wa kikabaila wa Scotland, Marquess wa Lothian, aliyeshikwa na maradhi yasiyo na dawa. Kila alipokuja kuchorwa alikuwa amedhoofika zaidi, hadi akafa mwaka 1870. Katika Love and Death (Upendo na Mauti), Upendo ni mtoto mwenye mabawa anayejaribu kuziba mlango kwa mikono midogo, huku mawaridi yakianguka kizingitini. Mauti ni jitu lililovaa joho refu, limempa mtazamaji mgongo, mkono umeinuliwa, linaingia bila haraka. Watts hakuchora fuvu wala mifupa. Mwanga unaangukia mgongo wa Mauti, na hapo ndipo ubora wa mchoro huu ulipo: kifo kinatisha kwa ukubwa wake, lakini hakina chuki.

Mtu huyu huyu aliyefunika taji la ushindi kwa kivuli cha sanda alitumia miaka mingi kuchora sura za watu mashuhuri wa zama zake, akina mshairi Tennyson na mwandishi Carlyle, na kuzitoa kwa taifa. Je, alijipinga? Jibu lake la dhati liko nje ya kuta za majumba ya sanaa.

Mwaka 1887, Malkia alipotimiza miaka 50 ya utawala, Watts aliliandikia gazeti la The Times akipendekeza ijengwe kumbukumbu ya watu wa kawaida waliokufa wakiwaokoa wengine. Alimtaja Alice Ayres, binti wa kibarua wa mwashi. Aprili 1885 duka la rangi na mafuta katika mtaa wa Union Street, London, liliwaka moto, na Alice alikuwa ghorofani pamoja na watoto wa dada yake. Watu walimsihi aruke. Yeye alirudi ndani, akatupa godoro dirishani, kisha akawaangusha watoto watatu juu yake, mmoja baada ya mwingine. Alipofika zamu yake hakuwa na nguvu tena; alianguka vibaya na akafariki siku chache baadaye.

Pendekezo halikupata msaada, basi Watts akalitekeleza mwenyewe. Ukuta wenye vigae ulifunguliwa mwaka 1900 katika bustani ya Postman's Park. Leo una vibao 54 vinavyowataja watu 62, kila kimoja kikieleza kwa maneno machache nani alikufa, lini, na akimwokoa nani. Hakuna mali inayotajwa. Ukuta huu ndio ufafanuzi bora wa Sic Transit, na unaupita mchoro wenyewe kwa nguvu.

Haki inataka lisemwe na la pili. Sanamu ya Watts ya farasi na mpandaji, Physical Energy, ilipelekwa Cape Town na kuwekwa kwenye kumbukumbu ya Cecil Rhodes, mkoloni aliyetaka jina lake lidumu Afrika. Mwaka 2020 sanamu ya Rhodes iliyopo hapo ilikatwa kichwa. Hapo Watts alikosea katika kuchagua nani wa kutukuzwa.

Sifa yake mwenyewe ilififia baada ya kufariki mwaka 1904, kwani vizazi vilivyofuata viliona mafumbo kama mahubiri. Jumba lake la sanaa huko Compton, Surrey, lilichakaa hadi likakarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2011.

Msomaji atakayefika London asiishie kwenye jumba la sanaa la Tate peke yake. Postman's Park iko hatua chache kutoka kanisa kuu la St Paul's na haina kiingilio; atafute kigae cha Alice Ayres, akisome hadi mwisho, kisha asome na vya jirani zake.